Televisheni janja: vipindi vya bure, bei ni taarifa za mtazamaji

Familia iliyopo Kata ya Chumbi, wilayani Rufiji, inapowasha televisheni janja mpya na kuiunganisha na intaneti ya simu, hukutana kwanza na maelezo marefu yanayoishia kwenye kitufe cha kukubali. Ni rahisi kukibonyeza bila kusoma. Hata hivyo, hapo ndipo mmiliki anaweza kuwa ametoa ridhaa ya kufuatiliwa anachotazama.

Televisheni nyingi za aina hiyo zina programu inayochukua sampuli za picha au sauti za kinachoonekana kwenye skrini, kisha kuzilinganisha na hazina ya vipindi vinavyojulikana. Teknolojia hiyo inaweza kutambua hata kipindi kinachopita kwenye king'amuzi. Kumbukumbu hizo huwawezesha watangazaji kukisia umri, kipato na mwelekeo wa kaya, na mapato yake husaidia kushusha bei ya televisheni.

Mwaka 2017, kampuni ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kumaliza shauri la kukusanya taarifa za utazamaji kupitia televisheni milioni 11 bila ridhaa ya wamiliki. Mwaka 2023, kampuni ya Telly, pia ya Marekani, ilitangaza kutoa televisheni bila malipo kwa watu wanaokubali kutoa taarifa zao na kuwekewa skrini ya pili ya matangazo.

Nchini Tanzania, Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na familia yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka mhusika afahamishwe sababu ya kukusanywa kwa taarifa zake, na inampa haki ya kuzuia zisitumike kwa matangazo ya biashara. Malalamiko hupokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Mmiliki anaweza kufungua mipangilio ya televisheni, sehemu ya faragha, na kuzima ufuatiliaji wa utazamaji pamoja na matangazo yanayomlenga. Asiyehitaji vipindi vya mtandaoni anaweza kuitenga na intaneti na kuendelea kutumia antena au king'amuzi. Anayeiuza afute kwanza akaunti zake na kuirejesha katika hali ya kiwandani, ili mnunuzi asirithi taarifa za familia nyingine.