NANI MWENYE NENO "JENGA"?

Neno "jenga" halina mwenyewe. Tukimwuliza fundi wa matofali huko Ikungi, au mwalimu wa Kiomboi, au mama anayeuza kuku kando ya barabara mjini Manyoni, kila mmoja atatushangaa kwa kuuliza, maana neno hilo alilikuta, akalitumia, naye atawaachia watoto wake kama yeye alivyoachiwa. Walakini katika daftari za serikali za nchi nyingi neno hilo linaye mwenyewe. Limeandikwa kuwa alama ya biashara ya mchezo, na mwenye haki juu yake ni kampuni iitwayo Pokonobe Associates.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 1955 alizaliwa Tanganyika mtoto wa Kiingereza aitwaye Leslie Scott, akakulia Afrika ya Mashariki akisema Kiswahili pamoja na Kiingereza. Baadaye jamaa zake walihamia Afrika ya Magharibi, na huko Ghana wakazoea kucheza na vipande vya mbao vilivyotoka katika kiwanda cha kupasulia mbao cha Takoradi. Walivipanga vitatu vitatu hata vikawa mnara, kisha kila mtu kwa zamu yake akachomoa kipande cha chini na kukiweka juu, mpaka mnara ukaanguka kwa kishindo na vicheko. Mwaka 1983 mama huyo aliupeleka mchezo wake katika maonyesho ya vitu vya kuchezea ya London, vipande 54 ndani ya sanduku, akauita kwa neno la utotoni mwake: Jenga. Mwanzo wake ulikuwa wa madeni na mashaka. Wenye biashara wa ng'ambo ya Atlantiki walipotaka kuuchukua mchezo, walimtaka alibadili jina, kwa kuwa masikioni mwa wanunuzi wao halikuwa na maana yo yote. Alikataa katakata, amesimulia hayo mwenyewe. Ndipo kampuni ya Hasbro ilipoueneza ulimwenguni, na jina lile "lisilo na maana" likawa sehemu kubwa ya mali yenyewe.

Je, ametuibia? Wako watakaosema ndiyo, tena kwa sauti kubwa. Sisi hatusemi hivyo. Hakuna askari aliyekuja Singida kumzuia mtu kujenga, wala kuandika "jenga" juu ya ukuta wa shule, wala kuliimba. Mama yule alilipenda neno letu wakati wafanya biashara walipolidharau, akalishika. Twakiri kwamba sisi wenye lugha hatukuwa na habari nalo kabisa, kama mtu asiyeitazama jembe iliyoegemea nyuma ya nyumba yake mpaka jirani ajapo kuiazima.

Lakini sasa tuutazame upande wa pili, ambao watu wetu wengi hawajaufikiri. Mkoa wetu wa Singida ni mkoa wa mawe. Anayefika mjini kwa mara ya kwanza hushangaa kuona miamba iliyopandana kana kwamba jitu fulani lilikuwa likicheza kando ya ziwa Singida na ziwa Kindai, likaondoka kabla ya kumaliza. Tuseme basi kijana wa hapa, aliyejifunza kazi ya kuandika programu, anaitazama miamba hiyo na kutengeneza mchezo wa simu: mchezaji apange jiwe juu ya jiwe, na rundo lisianguke. Atauitaje? Kwa Kiswahili chake safi atauita "Jenga Mawe", wala hatakuwa amemwiga mtu. Atautia katika duka la Google au la Apple, ambako mchezo wa kijana wa Singida na mchezo wa kampuni kubwa ya California hukaa rafu moja. Asubuhi moja atapokea barua kwamba mwenye alama amelalamika, na mchezo wake utaondolewa mpaka wapatane. Wapatane vipi? Mmoja ana mawakili London na New York. Mwingine ana kompyuta moja na deni la bando.

Huo ni mfano wetu tu, lakini mambo ya namna hiyo yametukia, tena kwa watu wa nchi zenye nguvu kuliko sisi. Mwaka 2009 kampuni ndogo ya Paris iitwayo Mobigame ilikuwa na mchezo wa simu wenye jina Edge, yaani ukingo au makali. Mtu mmoja, Tim Langdell, alidai kwamba neno hilo ni lake katika mambo yote ya michezo, na mchezo wa Wafaransa wale ukaondolewa dukani, ukarudishwa, ukaondolewa tena. Mtu huyo alizoea kuwadai wengi. Mwisho alikutana na kampuni kubwa ya Electronic Arts, ambayo haikutishika, na mwezi Oktoba 2010 jaji wa California akalikataa ombi lake akieleza mashaka makubwa juu ya ushahidi alioutoa. Alama zile zilifutwa mwaka 2013. Msomaji na aone jinsi mambo yalivyokwenda: haki ilipatikana, lakini aliyeipata kwanza ni yule aliyekuwa na fedha za kuingoja.

Kisha kuna habari ya peremende. Kampuni ya King, yenye mchezo wa Candy Crush Saga ulioanza mwaka 2012 na kupendwa na mamilioni ya watu, iliomba mwaka 2013 huko Marekani neno la Kiingereza lenye maana ya peremende liwe alama yake katika michezo. Januari 2014 ofisi ya huko ilikubali ombi hilo litangazwe. Wakati huo huo King iliupinga usajili wa jina The Banner Saga, mchezo wa vita na safari wa kikundi kidogo cha Texas kiitwacho Stoic, ambao haukuwa na peremende hata moja ndani yake. Kosa lake lilikuwa neno la mwisho tu. King yenyewe ilisema haidhani kwamba Stoic wanaiiga, ila ni lazima ipinge ili kulinda alama yake.

Jambo lililotuchoma zaidi ni la mtu mmoja wa Marekani aliyekuwa ameutoa mchezo wake wa CandySwipe mwaka 2010, miaka miwili kabla ya King, na kuusajili jina lake kwa utaratibu wote. Alikuwa ameutengeneza kwa kumkumbuka mama yake aliyefariki. Alipoipinga King, kampuni ile ilikwenda ikanunua alama ya zamani zaidi, Candy Crusher, iliyokuwa ya mtu mwingine kabisa, ikaitumia hiyo kutaka usajili wake ufutwe. Huo ni ujanja wa mtu anayeshindwa shauri la shamba, akaenda kununua hati ya babu wa jirani. Mwaka 2014, baada ya kelele za watengenezaji wa michezo katika nchi nyingi, King iliacha ombi lake la neno lile Marekani, na kufika Aprili ilikuwa imepatana na Stoic na yule wa CandySwipe pia.

Yafaa tueleze alama ya biashara ni kitu gani, maana twasikia watu wakiichanganya na mambo mengine. Wafugaji wetu waijua tangu zamani. Ng'ombe mwenye chapa akionekana mnadani, kila mtu hujua ni wa nani. Lakini mwenye chapa hapati haki juu ya ng'ombe wote wa Singida, wala juu ya neno ng'ombe. Alama ya biashara ndivyo ilivyo. Humwambia mnunuzi bidhaa hii imetoka kwa nani, nayo husajiliwa kwa aina fulani za bidhaa, si kwa kila kitu chini ya jua. Kwa hiyo mkamuaji wa mafuta hawezi kulifanya neno "alizeti" kuwa lake peke yake katika mafuta, kwa sababu wenzake wote wahitaji neno hilo kusema ukweli wa kitu wanachouza. Lakini akiyaita mafuta yake kwa jina alilolibuni, mwingine akijaza mafuta yake katika madebe yenye jina hilo, huyo wa pili ni mdanganyifu, na sheria iko upande wa wa kwanza.

Tatizo la maneno ya Kiswahili latoka hapo hapo. Neno lililo la kawaida kabisa Manyoni ni neno geni Chicago, na ugeni wake huko ndio unaolifanya lifae kuwa alama. Kampuni ya Disney iliyaandikisha maneno "hakuna matata" kwa ajili ya mavazi, na mwaka 2018 watu wengi walitia sahihi zao katika ombi lililoanzishwa na Mzimbabwe mmoja wakipinga. Kabla ya hapo kampuni moja ya Uingereza ilitaka neno kikoi, kwa tahajia yake, liwe alama yake huko. Watu wa Kenya na rafiki zao wakapinga kwa njia ya sheria, na mwaka 2008 ombi lile likafa. Tazameni tofauti. Katika la kwanza watu walikasirika miaka mingi baada ya daftari kufungwa. Katika la pili walifika mapema, wakajaza karatasi zilizotakiwa, wakashinda.

Wala tusijifanye kwamba hatari yote yatoka ng'ambo. Kijana wa hapa hapa atakayetengeneza mchezo wa bao wa simu, kisha akaenda kulisajili neno "bao" ili wengine wote waondolewe dukani, huyo hana tofauti na wenye peremende. Uganda kuna mchezo wa karata uitwao matatu, ambao watu huucheza vibarazani. Hata huo ukiingizwa katika simu na watu kumi, jina lake libaki la wote kumi. Twasema hivi kwa sababu twajua tabia ya mtu aliyetangulia kufika kisimani.

Sasa habari za ofisini. Tanzania Bara inayo Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na kazi ya usajili hufanywa na BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Alama ikisajiliwa hudumu miaka 7, kisha huweza kuhuishwa kwa miaka 10 kumi. Wengi wetu husajili jina la biashara, wakapata cheti, wakakitundika ukutani wakidhani wamelinda kila kitu. Sivyo. Jina la biashara ni jambo moja na alama ya biashara ni jambo jingine, ingawa ofisi ni ile ile. Tena usajili wa Bara hauvuki bahari: Zanzibar ina sheria yake na msajili wake.

Lililo kubwa kuliko yote katika sheria hiyo, kwa maoni yetu, ni siku 60. Ombi la alama likikubaliwa hutangazwa katika jarida la msajili, na kwa muda wa siku hizo mtu aweza kulipinga. Ni nani alisomaye jarida hilo? Mawakili wa kampuni kubwa hulisoma, kwa kuwa hulipwa kulisoma. Mtengenezaji mdogo wa michezo hana habari kwamba lipo. Twaona kwamba Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa mwaka 1967 kukilinda na kukikuza Kiswahili, lingeweza kumweka karani mmoja, mmoja tu, kazi yake ikiwa kupitia kila toleo la jarida hilo, na kila lionekanapo neno la kawaida la Kiswahili linazungushiwa ua kwa bidhaa ile ile linayoitaja, apeleke pingamizi kabla siku hazijakwisha.

Na yule kijana wetu wa mawe? Tungemshauri asipigane vita asivyo na silaha zake. Alitafute jina katika daftari za BRELA, na zile za Marekani na Ulaya zinazoweza kusomwa bure katika intaneti, kabla hajachora hata picha ya kwanza ya mchezo. Aliache "Jenga", hata kama ni neno la mama yake. Asitumie "Singida" peke yake, maana jina la mahali halikubaliwi kwa urahisi kuwa mali ya mtu mmoja. Aunganishe maneno mawili yasiyozoea kukaa pamoja, au abuni moja jipya, na Kiswahili kina nafasi ya kutosha kwa kazi hiyo. Kisha aende kulisajili siku ile ile, mchezo ungali haujulikani na mtu ye yote isipokuwa rafiki zake wawili.