Dakika Hamsini za Kisumu

Jirani yangu wa hapa Kangemi alipopashwa habari kwamba mamaye amezidiwa na ugonjwa huko Vihiga, alikata shauri kusafiri kwa ndege hadi Kisumu. "Ni dakika hamsini tu, Mwalimu," aliniambia. Alitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Alipoketi kando ya kitanda cha mamaye, ilikuwa saa tano. Saa sita nzima! Je, nani alimdanganya?

Hakudanganywa na mtu. Aliponzwa na mazoea yetu ya kuchanganya umbali na mwendo. Umbali ni sifa ya mahali, nao hupimwa kwa kilomita. Mwendo, kama neno lenyewe linavyodokeza, humhusu mwenye kwenda. Ndiyo maana wasafiri wa misafara ya kale walisema "mwendo wa siku tatu", wakijua fika kwamba siku tatu za kijana si siku tatu za mzee.

Tuutazame mfano huu kwa makini. Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi ule wa Kisumu, kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 280. Mwanafunzi akiambiwa kwamba ndege hukata kilomita 700 kwa saa, atapiga hesabu na kupata dakika 24. Mbona basi ratiba hutaja karibu maradufu? Ni kwa sababu ratiba huanza kuhesabu ndege inapoondoka kituoni, hadi itakapoegeshwa kwingine. Katikati yake mna kujikokota hadi njia ya kurukia, kungoja zamu, kupaa, na kuteremka polepole. Katika safari fupi kama hii, ndege haipati kutimiza kasi yake ila kwa kitambo kidogo.

Hayo ni ya angani. Ya ardhini ni makubwa zaidi. Aliye Kangemi tayari yumo katika barabara iendayo magharibi. Akisimama kando ya Waiyaki Way huyaona mabasi ya Kisumu yakimpita. Lakini ili apande ndege, sharti aipe Kisumu kisogo, alivuke jiji zima kuelekea mashariki, kisha apitishwe angani kurudi alikotoka. Barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022 kati ya Westlands na Mlolongo imepunguza adha hiyo, ila kwa anayeimudu ada yake. Mwenzake hubadilisha matatu katikati ya jiji, akiomba msongamano usimchelewesha. Na akishatua Kisumu, Vihiga bado inamngoja.

Sisemi ndege haina faida. Nasema dakika hamsini ni mwendo wa ndege, wala si mwendo wa jirani yangu. Tukizoea kuhesabu muda wa chombo na kuusahau wa mtu, tutajenga viwanja vizuri na kuacha njia za kuvifikia zikiwa taabu tupu.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, tunapowapa wanafunzi hesabu za kasi, tusiridhike na jibu sahihi tu. Tuwazoeze kuuliza: kutoka mlango upi hadi mlango upi, na ni nani anayesafiri? Mama mgonjwa hamngojei rubani, humngojea mwanawe.