Mulugu: Hekalu la Jemadari, Miungu ya Msituni

Hekalu la Ramappa lilijengwa kwa amri ya jemadari, lakini si jina lake linalotajwa na watu. Recherla Rudra, aliyeongoza majeshi ya mfalme Ganapatideva wa ukoo wa Kakatiya, alilisimamisha kijijini Palampet mwaka 1213 kwa ajili ya mungu Shiva. Wenyeji wa wilaya ya Mulugu, jimboni Telangana, India, husimulia kwamba Ramappa alikuwa fundi mkuu wa mawe yale, na kwamba kazi ilichukua miaka 40. Fundi amempiku bwana wake, na mimi naona ni haki.

Kuta ni za jiwe la mchanga lenye wekundu. Chini ya ukingo wa paa wamesimama wanawake wa jiwe jeusi, wamechongwa wakicheza, na mng'aro wao ungalipo. Mnara ulio juu ya patakatifu ni wa matofali mepesi mno, ukitia moja majini linaelea. Mafundi walitaka kupunguza uzito juu ya jengo. Chini walichimba shimo wakalijaza mchanga, ili ardhi ikitetemeka mchanga huo upokee mshtuko. Mwaka 2021 UNESCO ililiingiza hekalu hili katika Urithi wa Dunia. Kabla ya hapo lilikuwa limekwisha kuzaa jambo jingine: katika karne ya 20 Nataraja Ramakrishna alifufua ngoma ya mashujaa iitwayo Perini, na mikao ya sanamu hizi ilikuwa miongoni mwa vilivyomwongoza.

Hapa ibada haijakoma. Mgeni huacha viatu nje, hulizunguka jengo akiliweka upande wa mkono wake wa kulia, hupita mbele ya Nandi, fahali wa Shiva aliyelala akiangalia mlangoni, ndipo huingia. Wengine huleta nazi za kuvunja na maua.

Karibu na hekalu kuna bwawa kubwa lililochimbwa enzi hizohizo, na maji yake hunywesha mashamba ya mpunga mpaka leo. Wakakatiya walikuwa na mazoea ya kujenga hekalu na bwawa pamoja. Bwawa la Laknavaram nalo ni kazi yao: maji yamezibwa kati ya vilima vya msitu, yamezunguka visiwa vidogo, na siku hizi watalii huvuka daraja la kuning'inia kwenda kuvitembelea. Anayependa maporomoko aende Bogatha, lakini asubiri mvua, kati ya Julai na Septemba. Kiangazi maji hupungua sana.

Wageni wengi huishia hapo, na ndipo wanapoikosa Mulugu yenyewe. Ndani zaidi, katika msitu wa kijiji cha Medaram, wako watu wa kabila la Koya, ambao masimulizi yao juu ya wafalme wa Kakatiya ni mengine kabisa. Wanasema ukame ulikausha nchi, na mfalme Prataparudra bado akadai kodi. Sammakka, aliyeokotwa akiwa mtoto mchanga akicheza na chui milia, alipigana na jeshi la mfalme pamoja na binti yake Saralamma. Saralamma aliuawa. Jampanna, mwana wa Sammakka, alifia kwenye kijito ambacho leo kinaitwa kwa jina lake. Sammakka, akiwa na majeraha, alielekea kilima cha Chilakalagutta na hakuonekana tena. Waliomtafuta walikuta kikasha cha unga mwekundu wa kumkum.

Kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Magha, yaani karibu na Februari, watu hukusanyika Medaram kwa siku nne kuwaabudu Sammakka na Saralamma. Inakadiriwa huzidi milioni 10. Huoga katika kijito cha Jampanna, kisha hutoa sukari guru, na wengi hutoa kiasi kinacholingana na uzito wa mwili wao. Wenyewe huiita dhahabu. Mkulima asiye na kipande cha dhahabu ya kweli hufika mbele ya mama hao akiwa na mzigo wa dhahabu begani, na hakuna anayemwona maskini.

Hakuna sanamu za kuabudiwa. Siku ya kwanza Saralamma huletwa kutoka kijiji cha Kannepalli. Siku ya pili Sammakka hushushwa kutoka kilimani, akiwakilishwa na mwanzi na kikasha cha kumkum, na polisi hufyatua risasi hewani kumpa heshima. Siku ya nne miungu hurejeshwa msituni. Serikali hutengeneza barabara, huleta mabasi na maji, lakini kupanda kilima na kumshusha Sammakka ni kazi ya makuhani wa Kikoya, wanaorithishana ukoo kwa ukoo.