Je, Wajua? Sanaa Isiyokamilika Bila Hadhira

Je, wajua kwamba mwaka 1964, mjini Kyoto, Japani, Yoko Ono aliketi jukwaani na kuwakaribisha watazamaji wapande mmoja mmoja kumkata nguo kwa mkasi? Kila aliyekata aliondoka na kipande chake.

Je, wajua yaliyomkuta Marina Abramović miaka 10 baadaye mjini Naples, Italia? Alipanga mezani vitu 72, vikiwemo waridi, asali, mkasi, visu, bastola na risasi moja, kisha akasimama kimya kwa saa 6, kila mtu amtendee apendavyo. Mwanzoni walikuwa wapole, wakampa ua. Halafu wakamchana nguo. Wakamkata ngozi, damu ikatoka. Mmoja akatia risasi bastolani na kumwelekezea. Wenzake wakaingilia kati. Msanii anasimulia kwamba muda ulipokwisha akaanza kutembea, wale watu wakamkimbia. Hakuna aliyelazimishwa kufanya lolote, na ndiyo maana kazi hii inatisha kuliko mchoro wowote wa vita.

Je, wajua kwamba rundo la peremende laweza kuwa picha ya mtu? Felix Gonzalez-Torres, mzaliwa wa Kuba, alilitengeneza nchini Marekani mwaka 1991 kumkumbuka mpenzi wake Ross, aliyefariki kwa UKIMWI mwaka huohuo. Uzito uliokusudiwa ni pauni 175, karibu kilo 79. Mgeni huruhusiwa kuchukua peremende na kuila, na kila anayechukua hulipunguza rundo, kama maradhi yalivyoupunguza mwili wa Ross. Jumba la sanaa laweza kulijaza tena.

Je, wajua kwamba mwaka 2002, nje ya Lima, Peru, Francis Alÿs aliwapanga mamia ya watu wenye koleo wausogeze mlima wa mchanga? Ulisogea sentimita chache tu.

Na hapa kwetu? Mwaka 1977 wakulima na vibarua wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, walijijengea jukwaa la wazi na kuigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ambayo Kiswahili chake ni Nitaolewa Nikipenda. Mazoezi yalifanywa hadharani, wanakijiji wakiwasahihisha waigizaji papo hapo. Serikali ya Kenya ikaipiga marufuku, na Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila mashtaka. Mwaka 1982 polisi wakatumwa kulibomoa jukwaa lenyewe.