Mwamba ngoma huvutia kwake: maadili katika ukaguzi wa hesabu

Je, mkaguzi wa hesabu aliye mwaminifu anaweza kuidhinisha hesabu zenye kasoro bila ya kukusudia kudanganya? Utafiti wa Profesa Max Bazerman wa Chuo Kikuu cha Harvard, nchini Marekani, unajibu kuwa anaweza.

Mwezi Desemba mwaka 2001 kampuni ya nishati ya Enron ilifilisika, na maelfu ya wafanyakazi wake wakapoteza ajira pamoja na akiba zao za uzeeni. Hesabu zake zilikaguliwa na Arthur Andersen, mojawapo ya makampuni matano makubwa ya ukaguzi duniani wakati huo. Mwaka 2000 pekee, Enron iliilipa Andersen dola milioni 25 kwa ukaguzi na dola milioni 27 kwa ushauri na kazi nyinginezo.

Wengi waliwalaumu watu wachache wasio waadilifu. Lakini mwezi Novemba mwaka 2002 Bazerman, pamoja na George Loewenstein na Don Moore, waliandika katika jarida la Harvard Business Review kwamba hatari iliyo kubwa zaidi ni upendeleo ambao mwenyewe haujui kuwa anao.

Hoja hiyo inatokana na majaribio kadhaa. Katika jaribio moja ambalo Loewenstein na wenzake walilichapisha mwaka 1995, washiriki walisoma nyaraka zilezile za kesi ya ajali ya pikipiki, wengine wakiwa upande wa mdai na wengine upande wa mdaiwa. Kila mmoja alitakiwa akisie fidia ambayo jaji angeamua, na aliyekaribia angepata zawadi. Hata hivyo, wadai walikisia fedha nyingi kuliko wadaiwa. Kwa wale walioelezwa upande wao baada ya kuzisoma nyaraka, tofauti ilipungua sana. Kwa maneno mengine, upendeleo huingia pale mtu anapousoma ushahidi.

Mkaguzi naye hukabiliwa na maswali yasiyo na jibu moja. Je, deni hili litalipika? Mapato haya yaandikwe mwaka huu au mwakani? Penye shaka, mwamba ngoma huvutia kwake. Anayekaguliwa ndiye anayemlipa mkaguzi na anaweza kumpoteza kama mteja, ilhali mstaafu atakayepata hasara hamjui hata kwa jina.

Sheria ya Sarbanes-Oxley, iliyotiwa saini mwezi Julai mwaka 2002, iliwakataza wakaguzi kuwauzia wateja wao huduma nyingi za ushauri. Iliagiza pia kwamba mkaguzi mkuu abadilishwe kila baada ya miaka mitano. Bazerman na wenzake waliona hayo hayatoshi, wakapendekeza kampuni nzima ya ukaguzi ibadilishwe, na mteja asiweze kuiachisha kazi kabla ya muda wake kwisha. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuyabadilisha makampuni hayo mwaka 2014, kwa kawaida kila baada ya miaka 10. Marekani haijafanya hivyo.

Utafiti huo unamhusu pia afisa wa manunuzi anayepima zabuni ya jamaa yake, au meneja anayemtathmini rafiki yake. Kumhimiza mtu huyo awe mwaminifu ni jambo jema, lakini huenda tayari anajiona kuwa mwaminifu. Lililo salama zaidi ni uamuzi huo kukabidhiwa mtu asiye na faida wala hasara ndani yake.