Mwenzi akichelewa Ariwara, nyumbani kuna nini?

Mfanyabiashara wa Kuluva akivuka mpaka kwenda Ariwara na kuchelewa, mwenzi mmoja hupiga simu kila saa, mwingine hununa, wa tatu hungoja kwa utulivu. Kwa nini?

Mwaka 1954, mwanasaikolojia Mary Ainsworth alianza kuchunguza watoto wachanga vijijini karibu na Kampala: mama akiondoka, nani hulia, nani hutulia akirudi. Mwaka 1987, Cindy Hazan na Phillip Shaver wa Marekani walieleza kuwa mapenzi ya watu wazima hufuata mkondo huo.

Wengi wetu tulilelewa ukimbizini Kongo na Sudan baada ya 1979, wazazi wakitawanyika. Hofu ya kuachwa tulirudi nayo. Lakini hupungua: taja siku ya kurudi, kisha urudi siku hiyo.