Safari ya kilomita 1,200 kwa baiskeli huanzia kwa daktari

MWALIMU mmoja wa shule ya upili alikuja katika kliniki yangu mwaka jana akiwa na ombi ambalo sikuwa nimewahi kulisikia. Alitaka nimwandikie dawa za kuongeza damu na vitamini za kumpa nguvu kwa sababu alikuwa amekata shauri kwenda Ufaransa mwaka wa 2027, kuendesha baiskeli kilomita 1,200 katika muda usiozidi saa 90.

Ana umri wa miaka 44. Havuti sigara, huenda kazini kwa baiskeli kila siku, na tumbo lake ni tambarare kuliko langu. Muuguzi alipompima presha ilikuwa 168 kwa 104. Tulimwacha apumzike nusu saa kisha tukarudia. Ilikuwa 164 kwa 102. Alirudi mara mbili wiki hiyo, na presha haikushuka.

"Lakini daktari, mimi siumwi na chochote," akasema.

"Presha haiumi, mwalimu. Hiyo ndiyo hila yake."

Nilimwambia aache mazoezi mazito hadi tuidhibiti. Alikasirika. Alisema madaktari hutuogopesha na kila kitu, akaondoka. Ameniruhusu nisimulie habari zake mradi nisitaje jina lake, na nitaeleza yaliyofuata. Kwanza, ndugu msomaji, tutazame safari yenyewe ilivyo.

Safari hiyo hutoka karibu na Paris hadi mji wa Brest ulio pwani ya magharibi, kisha kurudi. Ilianzishwa mwaka wa 1891 ikiwa mashindano, na mshindi wa kwanza, Charles Terront, aliimaliza kwa karibu siku tatu bila kulala. Siku hizi hufanywa kila baada ya miaka minne na hapana mshindi anayetangazwa. Anayetaka kushiriki hana budi kumaliza, katika mwaka uo huo, safari nne za majaribio: kilomita 200 kwa saa 13 na nusu, kilomita 300 kwa saa 20, kilomita 400 kwa saa 27 na kilomita 600 kwa saa 40.

Ukipiga hesabu, kilomita 1,200 kwa saa 90 ni mwendo wa kilomita 13 na kitu kwa saa. Mtu wa boda boda ya baiskeli kule Busia aliweza mwendo huo akiwa amebeba abiria na gunia la mahindi. Kwa hivyo tatizo si kasi. Tatizo ni kwamba saa hizo 90 zinahesabu pia kula, kulala, kuziba pancha na kwenda haja. Mwili unakalishwa juu ya kiti chembamba siku nne mfululizo, na kila dosari ndogo uliyoanza nayo hupata wakati wa kutosha kukua.

Ndiyo sababu nasema uchunguzi uje kabla ya kununua baiskeli. Mtu aliyepita miaka 40, au ambaye jamaa yake wa karibu alikufa ghafla au kwa ugonjwa wa moyo akiwa bado kijana, apimwe presha, sukari, damu na umeme wa moyo. Aliyewahi kuzirai au kubanwa na kifua akifanya mazoezi asipande baiskeli kabla ya kuonwa na daktari wa moyo. Kuhusu hizo tembe za kuongeza damu, damu ya mwalimu ilikuwa nzuri kabisa. Madini ya chuma yakizidi mwilini ni sumu, na sioni haja ya mtu kuyameza kwa kubahatisha.

Jambo ninalopenda kulizungumzia zaidi ni maji, kwa sababu hapa hata wasomi hukosea. Tumefundishwa kwamba mtu anayetoka jasho anywe maji mengi iwezekanavyo. Mwaka wa 2002 watafiti waliwapima damu wakimbiaji 488 waliomaliza mbio za marathoni za Boston. Wakimbiaji 13 katika kila 100 walikuwa na upungufu wa chumvi ya sodiamu, na waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliokunywa kupita kiasi hata wakaongeza uzito njiani. Chumvi ikipungua katika damu, ubongo huvimba. Mtu huumwa na kichwa, hutapika, huchanganyikiwa, na anaweza kushikwa na kifafa na kufa. Mwenzake akimwona humdhania amekaukiwa na maji, akamwongezea chupa nyingine!

Basi kunywa unapohisi kiu. Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi ya saa tatu au nne. Ukiona umezidi, umekunywa mno. Ukiwa umepungua zaidi ya kilo mbili katika kila mia za uzito wako, ongeza kidogo. Katika baadhi ya chupa tia chumvi na sukari, na kipimo ni kile kile wanachofundishwa akina mama kwa mtoto anayehara: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mwenye presha asiongeze chumvi bila kushauriana na daktari wake. Anayetumia zile dawa za presha zinazokojosha aangaliwe zaidi, maana zenyewe hupunguza sodiamu.

Chakula hakina siri kubwa. Mwendeshaji wa safari ndefu huhitaji kama gramu 60 za wanga kila saa, na walio na mazoezi huweza kufika 90. Ndizi moja ya kadiri ina gramu 25 hivi na kijiko kidogo cha sukari kina gramu nne. Viazi vitamu, chapati na mkate wenye jamu vinafaa kama vile vyakula vya bei ghali vya pakiti. La muhimu ni kulizoesha tumbo. Mtu asiyewahi kula akiwa anaendesha atatapika siku ya pili, na asipokula ataishiwa nguvu katikati ya mlima. Jizoeze kula kila nusu saa katika mazoezi yako yote marefu.

Kuna mambo ambayo wanaume huona aibu kumweleza daktari. Ganzi katika sehemu za siri si jambo la kuzoea. Kiti kikibana mishipa iliyo kati ya miguu, hisi hupungua, na wengine huona hata nguvu za kiume zimepungua kwa muda. Kiti kiwe na upana wa kutosha mifupa ya makalio kukikalia, ncha yake isielekee juu, na mtu asimame juu ya pedali kila baada ya dakika kumi hivi. Wanawake nao huumia vivyo hivyo. Vidonda vya makalio huzuiwa kwa kaptura safi isiyo na mishono ya kukwaruza, kuvaliwa bila chupi, na kujipaka vaselini. Ukianza kuhisi mwasho, shuka ushughulikie papo hapo, maana kesho yake utakuwa jipu.

Mikono pia hufa ganzi, hasa kidole cha mwisho na kile cha pete. Dalili hiyo ina maana kwamba mshipa wa fahamu unagandamizwa kiganjani na usukani. Badilisha mshiko mara kwa mara na uinue usukani kidogo. Ganzi ikidumu baada ya wiki chache, nenda ukaonwe. Shingo nayo huweza kugoma kabisa kukiinua kichwa. Hali hiyo inaitwa kwa jina la Michael Shermer, Mmarekani aliyepatwa nayo mwaka wa 1983 katika mashindano ya kuvuka Marekani kwa baiskeli.

Maumivu yakija, Wakenya tuna ugonjwa wa kukimbilia duka la dawa kununua diclofenac au ibuprofen. Katika safari ya namna hii naomba uziache nyumbani. Figo za mtu aliyepungukiwa na maji tayari zina shida, na dawa hizo huzidi kuzibana. Tena hupandisha presha. Mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi au Coca-Cola, safari imekwisha, nenda hospitali, kwa sababu misuli inavunjika na kuziba figo.

Kuhusu usingizi, utafiti uliochapishwa mwaka wa 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekesha saa 24 huwa na wepesi sawa na mtu mwenye kileo cha asilimia 0.10 katika damu. Polisi wenye Alcoblow wakimkuta dereva na kiwango hicho hulala seli. Kwa hivyo usimwige Terront. Panga kulala saa mbili au tatu kila usiku, na kichwa kikianza kudondoka juu ya usukani lala pale pale kando ya barabara, hata dakika 20. Mazoezi ya usiku yafanywe mkiwa kikundi, mkiwa na taa mbele na nyuma na koti la kumeremeta, na kamwe si katika barabara kuu ya malori. Nimeshona na kuunga watu wa kutosha kutoka barabara hiyo.

Mwalimu alirudi baada ya miezi mitatu. Hakuniambia kilichomrudisha. Mke wake, aliyekuja naye, ndiye aliyesema kwamba kaka yake mkubwa alikuwa amepatwa na kiharusi, na kwamba hadi leo mkono wake wa kulia haufanyi kazi. Tulimwanzishia dawa ya tembe moja kwa siku, akapunguza chumvi, na tukachagua dawa isiyokojosha wala kupunguza mapigo ya moyo, kwa sababu ya baiskeli. Baada ya wiki nane presha ilikuwa 132 kwa 84. Umeme wa moyo ulikuwa sawa.

Ndipo tukaanza upya, kilomita 40 kila Jumamosi, na baada ya hapo tukaongeza kiasi cha moja ya kumi kwa wiki, huku kila wiki ya nne akipumzika. Mwezi uliopita aliendesha kutoka Nakuru hadi Eldoret akipitia Timboroa, ambako barabara hupanda zaidi ya mita 2,700, akalala huko na kurudi siku iliyofuata. Alikuja Jumatatu akichechemea kidogo. Presha ilikuwa 134 kwa 82, na vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa na ganzi. Nimemwambia wiki ijayo aje na baiskeli yenyewe, nione usukani wake.